Kabeji za Tuta la Pili

Jumanne saa mbili asubuhi Bwana Shamba wa kituo cha utafiti alifika na mizani ya kuning'iniza, fomu tatu na kalamu aliyoifunga uzi shingoni. Alikuja kupima kabeji za majaribio za Dada Kipimo, msichana aliyepewa jina hilo kwa kuwa hapandi mche bila rula.

Ahadi ya kituo ilikuwa moja: shamba likitoa kilo mia tatu, linapewa pampu ya maji. Dada Kipimo alibeba ndoo arobaini kila siku kutoka mtoni, na bega lake la kulia lilikuwa limeshuka sentimita mbili. Alilipima mwenyewe.

Tuta la kwanza lilipewa mbolea ya kituo. La pili, la kulinganishia, lilipewa maji tu. Bibi yake Dada Kipimo alilionea huruma, na kila jioni akaketi kando yake kulisimulia vichekesho. Fomu haikumkataza.

Kabeji za tuta la kwanza zilitoa kilo mia na sitini. Za tuta la pili zilikuwa zimeng'oka na mizizi yake, zikielea usawa wa kiuno, zikigongana taratibu na kutikisika kama watu wanaojizuia kucheka. Bwana Shamba akazidaka moja moja, akageuza mizani juu chini, akasoma.

"Kilo mia na sitini," alisema. "Lakini za kwenda juu."

"Si jumla ni mia tatu na ishirini?" Dada Kipimo aliuliza.

"Za juu tunatoa, dada. Mia na sitini toa mia na sitini, sifuri."

"Bwana Shamba, andika basi kwamba zinapaa."

"Niandike wapi? Fomu haina nafasi ya kupaa."

Pampu ilipelekwa shamba la kando ya barabara, penye kibao cha kituo, ambako hakukupandwa hata mchicha.

"Na lile si sifuri?" Bibi aliuliza.

"Ni sifuri, bibi. Ila gari la wageni linafika kule."

Bibi alikumbatia kabeji tatu, akapaa juu kuliko paa la nyumba, akazunguka mpera mara mbili, viatu vikamdondoka, akacheka mpaka kuku nao wakamfuata hewani, kila mmoja na jani lake. Bwana Shamba aliokota kiatu kimoja, akakiweka vizuri mlangoni, akaaga.

Kufikia Alhamisi Bibi alikuwa akienda sokoni kwa njia ya juu, na majirani walimwagiza chumvi. Tatizo lilikuwa dogo: kabeji zile zikikosa maji, hushuka.

"Mke mwenzangu!" Bibi alimtania mjukuu wake kutoka juu. "Changamka, nimeanza kuuona mgomba kwa karibu!"

"Shikilia, bibi, nakuja!"

Dada Kipimo alihamishia ndoo bega la kushoto, akashuka mtoni kuchota ya arobaini na moja.