Kontrola Isiyokula Sauti

Kila alipotaka kupunguza sauti, Ivo alilazimika kunyanyuka kitini, kupiga magoti nyuma ya spika ya kushoto na kuzungusha kifundo chake cha sauti, kisha kutambaa hadi spika ya kulia na kuzungusha cha pili. Vifundo hivyo havikuwahi kupatana. Akirudi kitini alikuta mwimbaji aliyekuwa katikati amehamia dirishani, na ngoma zimerundikana upande wa mlango. Chumba chenyewe kilikuwa cha binti yake, Ines, kabla hakijabandikwa sponji za magodoro ukutani na kuitwa studio. Ines sasa alilala sebuleni, na mkewe Ivo, Modesta, mwalimu wa shule ya msingi, hakuacha kulitaja jambo hilo kila aliposhika ufagio.

Kazi zilikuja: kwaya, nyimbo za harusi, matangazo ya maduka. Lakini wimbo uliotoka chumbani humo ukiwa mzuri uliharibika ukifika barabarani. Kwenye bajaji ulinguruma, kwenye redio ya jirani ulikohoa. Ivo aliuliza huku na huko akaelewa alichokosa. Alihitaji monita kontrola, kijisanduku kinachokaa kati ya kompyuta na spika, chenye kifundo kimoja cha kupandisha na kushusha sauti ya spika zote kwa pamoja. Alitaka ya bei anayoimudu, na alitaka iwe ya wazi, yaani ipitishe sauti kama ilivyo, isiongeze wala isipunguze. Kila aliyemuuliza alimwambia achague moja kati ya hayo mawili.

Haraka ilitokana na Tumaini. Huyu alikuwa afisa uhusiano wa mradi wa mpunga uliokuwa unayataka mashamba ya bondeni huko Kitaya, kando ya Mto Ruvuma, kijiji alikozaliwa Ivo. Alimletea rekodi ya mkutano wa wanakijiji ili aitengeneze iwe kipindi cha redio.

"Kuna mahali wanasema 'tumekubali'," Tumaini alisema. "Hapo pasikike vizuri, kaka Ivo. Kipindi chote kiko hapo."

Kontrola ya kwanza Ivo aliinunua kwa Filipo, muuza vifaa vya muziki karibu na soko mjini Mtwara. Ilikuwa na taa za buluu, na ilikula sauti zote nyembamba. Mara ilipowashwa, mluzi wa birika jikoni ulikatika, vifaranga wa jirani wakafungua midomo bila kulia, na Ines akauliza kitu ambacho hakuna aliyekisikia. Modesta alimtazama midomo, akaelewa anaomba penseli, akampa. Ivo aliichomoa kontrola, akairudisha dukani.

"Zote zinakula kidogo, kaka," Filipo alisema. "Kwa bei yako hiyo, unataka ishinde na njaa?"

Akampa nyingine. Hiyo haikula kitu, ilitia sukari. Kwaya isiyofanya mazoezi ilisikika kama imeimba pamoja tangu utotoni. Modesta alipoingia chumbani kugomba kuhusu sponji zinazodondosha vumbi kwenye nguo alizofua, maneno yalimtoka laini, ya kupendeza, kama anakaribisha wageni kwenye harusi. Alijaribu tena kwa ukali zaidi, yakazidi kuwa matamu. Akamshika Ivo mkono, akamtoa hadi uani kwenye kamba ya nguo, akamgombeza huko mpaka akamaliza.

Kupitia kontrola hiyo, mkutano wa Kitaya ulipendeza mno. "Tumekubali!" kijiji kizima kilisema kwa pumzi moja. Tumaini alipita kuangalia maendeleo, akasikiliza, akasema kazi imalizwe hapo hapo.

Ivo hakuiamini. Aliwajua watu wa Kitaya. Hata "amina" hawakuwahi kuitikia kwa pamoja. Tena kulikuwa na habari ya shangazi yake, Carlota, ambaye shamba lake la mpunga lilikuwa bondeni huko. Tangu siku ya mkutano shangazi alikuwa bubu. Zahanati walimwangalia kooni, wakakuta koo ni zima, wakampa vidonge vya kumung'unya. Akipigiwa simu alipokea, akapumua kwa heshima muda wa kutosha, kisha akakata.

Ivo alirudi tena kwa Filipo, safari hii amekasirika.

"Nimekwambia nataka inayopitisha tu!"

Filipo aliinama chini ya meza akatoa kisanduku cha bati, hakina jina wala taa, kina kifundo kimoja cheusi. "Hii hata umeme haitumii. Haifanyi chochote. Ndiyo maana hainunuliki." Akakubali kubadilishana na ile ya sukari, na akaonekana kufurahi kuondokewa nayo.

Ivo aliiunganisha baada ya chakula cha mchana. Kwanza alipiga wimbo wa harusi ambao watu walimsifia mwaka mzima. Alisikia kinanda kikipishana na sauti ya mwimbaji kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Akapiga mwingine, akasikia kiti chake mwenyewe kikilia katikati ya ubeti. Alikaa ameshika kichwa. Miaka yote hiyo alikuwa akizilaumu bajaji.

Kisha akafungua rekodi ya Kitaya. Waliosema "tumekubali" walikuwa wanaume watatu waliosimama karibu na kinasa sauti, na mmoja wao alikuwa Tumaini. Nyuma yao, ng'ambo ya gari la mradi lililoachwa likinguruma, walikuwapo wanawake, wengi. Mmoja alisema kwa sauti ya kukwaruza ambayo Ivo alilelewa nayo: "Sisi hatujakubali. Shamba la mama yangu haliendi popote."

Ivo alisimamisha rekodi. Gari lilinyamaza, mkutano ukanyamaza, lakini ile sauti haikurudi ndani ya spika. Ilibaki katikati ya chumba, kimo cha mtu mfupi.

"Ivo," ilisema. "Hata shikamoo?"

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nipe maji. Nimesimama juani tangu mkutano."

Modesta alileta kikombe, akasalimia, akakiweka juu ya stuli. Maji yalipungua taratibu mpaka yakaisha. Sauti ikashukuru na kuuliza kama kuna ugali uliobaki.

Ilikaa nao siku kadhaa. Ilimfundisha Ines kuhesabu kwa Kimakonde, ilimsimamia Modesta akipika kisamvu, na jirani alipoulizia mgeni, Modesta alisema ni shangazi yake baba Ines, amekuja kwa sauti tu, mwenyewe yuko nyumbani. Jirani akasema amsalimie.

Ivo alituma ujumbe Kitaya. Shangazi Carlota alikuja na basi la asubuhi, ameshika mfuko wa karanga na hasemi kitu. Sauti yake ilimlaki mlangoni, ikampa pole ya safari. Wawili hao hawakuwa na mengi ya kuzungumza. Ivo alimkalisha kwenye kiti chake, katikati ya spika mbili, akamwomba afungue mdomo, akapiga rekodi kuanzia penye gari. Shangazi alimeza mate, akakohoa.

"Choo kiko wapi?" akauliza.

Wakamwonyesha.

Kesho yake Ivo alimwita Tumaini. Alimweka kwenye kiti kile kile, akapandisha kifundo. Tumaini alisikiliza mpaka mwisho, miguu ameikunja. Alisikia gari. Alisikia wanawake. Alijisikia mwenyewe.

"Iko safi sana," alisema. "Kila kitu kinasikika. Hongera." Kisha akatoa simu mfukoni, akaomba atumiwe rekodi, akaipiga kwenye spika ndogo ya simu. Simu ilisema: "Tumekubali!" Nyuma yake hapakuwa na kitu. "Unaona? Watu wetu wanasikiliza kwa simu, kaka Ivo. Hawana chumba chenye magodoro."

Shangazi Carlota alikuwa amekaa kwenye stuli pembeni, anamenya karanga.

"Mwanangu," alimwambia Tumaini, "mimi nilisema hatujakubali. Na sasa hivi nakuambia tena, uso kwa uso."

"Nimekusikia, mama. Lakini mkutano ulishafungwa."

"Kwa hiyo nikiwa na sauti mkutano umefungwa, na mkutano ulipokuwa wazi nilizibwa na gari?"

Tumaini alisimama. Alisema anamheshimu kama mama yake mzazi. Akaaga.

Ivo alikasirika, lakini hasira hiyo aliifanyia kazi. Alizishusha sauti za wanaume watatu mpaka zikawa mnong'ono, akaliondoa gari, akawapandisha wanawake mpaka sponji zikatikisika ukutani. Chumbani, Kitaya nzima ilikuwa inakataa. Akaipeleka rekodi kwenye bajaji, ikasema tumekubali. Akaazima redio ya jirani, ikasema tumekubali. Akaomba kuijaribu kwenye spika za kanisa, mhubiri akampa dakika chache, na kanisa zima likasikia watu watatu wakikubali kwa furaha. Akaibeba kontrola yenyewe mkobani hadi kituo cha redio. Fundi mitambo, mwanamke mpole aitwaye Anna, aliigeuzageuza mikononi.

"Nzuri," alisema. "Lakini kwenye mitambo yetu haina pa kuchomeka."

"Hata kwa waya mwingine?"

"Hata kwa waya mwingine. Pole, kaka."

Ivo alimwachia rekodi ile yenye wanawake, kwa kuwa ndiyo pekee ambayo hakuona haya kuitia jina lake. Kipindi kilirushwa mchana. Modesta alisikiliza akiwa shuleni, shangazi akiwa jikoni, Ivo akiwa amesimama barabarani mbele ya kinyozi. Wote watatu walisikia neno moja. Kinyozi alisema huko Kitaya sasa watapata maendeleo.

Shangazi alifungasha mfuko wake. Ivo alianza kumwomba radhi.

"Usinililie," shangazi alisema. "Umenirudishia changu. Sasa kuna Odete, na dada yake, na yule mke wa mwalimu wa dini. Wote hawasemi. Nitakuletea."

Akawaleta. Wengine walikuja wenyewe. Modesta aliweka benchi kwenye korido, akapika uji kwa sufuria kubwa, na hakutaja tena habari ya sponji. Walisubiri kwa utulivu, maana hawakuwa na sauti ya kupigia kelele. Ivo aliwakalisha mmoja mmoja katikati ya spika, akazitafuta sauti zao nyuma ya gari: Odete upande wa kulia, dada yake mbali kidogo, mwingine aliyekuwa akilia tu. Wengi wakipata sauti waliuliza habari za basi. Odete alitoka hadi uani, ambako redio ya jirani ilikuwa inarudia kipindi kile. Iliposema tumekubali, aliijibu, "Hatujakubali," akavaa ndala zake.

Basi la Kitaya siku hizi haliendi mpaka mtoni. Linaishia kwenye geti la mradi, na kondakta hupiga bati abiria washuke. Kutoka hapo wanawake huufuata uzio wa waya, mizigo kichwani, mzunguko wa saa nzima kwenda kwenye ardhi ya vichuguu walikohamishiwa mashamba. Njiani wanazungumza, na mlinzi wa getini anawasikia mpaka wanapopotea kwenye kona.