Amplifaya ya Watu Wawili

Kuna watu wa kwenda nao dukani, na kuna Profesa. Hakuwahi kufundisha chuo chochote. Jina hilo alipewa na wanamuziki wenzake kwa sababu hata kufungua mlango alikuwa lazima akuelekeze. Siku hiyo alikuwa ameongozana na mdogo wake wa kike, aliyepiga piano ya umeme na kuitwa Vidole. Bendi yao ilikuwa ni wao wawili tu. Amplifaya yao ya zamani ilikata kauli katikati ya harusi, bwana harusi ndiyo kwanza anaingia, na Jumamosi walikuwa na kazi nyingine. Ilibidi ipatikane moja ya kuwabeba wote.

Chumba cha fundi aliyeziunda na kuziuza kilikuwa chembamba, spika zimepangwa mpaka karibu na dari, meza imejaa nyaya na harufu ya risasi ya kuchomea. Walisaidiana kufunga vyombo vyao. Gitaa la Profesa halishikwi kifuani kama mengine. Lina miguu yake lenyewe kama meza ya kupigia pasi, mpigaji akakaa nyuma yake, mkono mmoja ukitelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, miguu ikikanyaga pedali za kuvuta sauti. Likilia vizuri, hata asiye na msiba hujikuta anatafuta leso.

"Gitaa hili linataka nguvu isiyokwaruza," Profesa alianza somo. "Na piano inataka spika pana, besi ipate kupumua. Sasa, fundi, ukichukua spika ndogo..."

"Mzee, hizi nazitengeneza mimi."

"Najua. Nakukumbusha tu."

Walijaribu amplifaya tano, zikabaki mbili, na hizo mbili zililingana kwa kila kitu isipokuwa mahali pa vitufe. Moja vilikuwa mbele, nyingine vilikuwa mgongoni. Profesa aliipenda ya mbele, maana kila kitu unakiona. Vidole akang'ang'ania ile ya mgongoni.

"Kwa nini?"

"Imekaa vizuri."

"Tumekuja kuchagua amplifaya au pazia?"

Vidole akacheka, lakini sababu hakuitoa. Yapata mwaka sasa, masikio ya kaka yake yalikuwa yanaziacha sauti za juu, moja baada ya nyingine. Profesa hakusema. Vidole aliona tu jinsi alivyokuwa akiongeza trebo, kitufe cha sauti hizo za juu, wiki hadi wiki, mpaka watu wa meza za mbele wanakunja nyuso. Basi kila kaka yake alipomaliza kurekebisha na kukaa, yeye alipitisha mkono nyuma ya ile amplifaya ya zamani, iliyokuwa na vitufe mgongoni, na kuipunguza kimyakimya. Kwa vitufe vya mbele angelazimika kuzunguka na kuinama mbele ya ukumbi mzima, na kaka mtu angeona.

Na akiona? Profesa aliwahi kusema mbele ya mama yao kwamba siku masikio yatakapomshinda, gitaa ataliweka chini, hataki kuhurumiwa. Maneno yake yalikuwa mengi, ila aliyatimiza. Vidole hakuwahi kupiga piano mbele ya watu bila kaka yake pembeni, na hakutaka kuanza sasa.

"Haya, tuijaribu tena hiyo ya mgongoni," Profesa alisema. Akapiga, akasikiliza. "Sauti imejifunga." Akanyoosha mkono nyuma, akaongeza trebo. "Bado." Akaongeza. Fundi akaziba sikio moja kwa adabu. Vidole akajifanya anaangalia waya, akapunguza.

"Sasa ndiyo!" alisema Profesa. "Mmesikia ilivyofunguka?"

"Lakini mzee," fundi akasema, naye hana baya, "dada hapa ameipunguza."

Vidole alitamani ardhi ipasuke. Profesa akakiweka kile chuma juu ya nyuzi, taratibu.

"Fundi, huyu mwache. Anapunguza tangu mwaka jana."

"Ulijua?" Vidole aliuliza.

"Naiacha kwenye nane, tukimaliza naikuta kwenye nne. Ulidhani nafikiri ni panya?"

"Na hukusema!"

"Wewe ulisema?"

Vidole alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. "Ulisema masikio yakikushinda utaliweka chini."

"Nilisema." Profesa akatazama pedali zake. "Na siku yenyewe nikaingoja. Kila kazi naongeza mpaka nisikie, najiambia leo watu watainuka watoke, yaishe. Hawatoki. Wanacheza. Nikajua kuna mtu ananisikilizia." Akakiokota kile chuma. "Nikaona aibu kumshukuru, maana ningelazimika kusema ni kwa nini."

Fundi akakohoa. "Sasa mnachukua ipi?"

"Ya mbele," alisema Profesa. "Huyu asijifiche tena kama mtoto anayedokoa sukari."

Wakahamisha nyaya. Vidole akazunguka, akapiga magoti mbele ya ile amplifaya peupe kabisa, mkono kwenye trebo. Kaka yake akaanza kupiga. Hakuangalia nyuzi wala vitufe. Alimwangalia yeye usoni. Vidole akapunguza, akapunguza tena, akaacha. Profesa akatelezesha chuma mpaka mwisho wa uzi wa juu kabisa, akakishikilia hapo.

"Huu siusikii tena," alisema. "Ukoje?"

Vidole alisikiliza mpaka mlio wake ukaisha.

"Mtamu, kaka."

"Basi acha hapo hapo," alisema Profesa, akaupiga tena.