Cheche Zilizohamia Mkononi

Asubuhi hiyo Fundi Taratibu alichomoa plagi ya kwanza, akaifunga kwenye koili yake, akailaza juu ya chuma cha injini na kumwambia mwenye gari apige stata. Injini ilizunguka vizuri, betri haikuwa na neno. Plagi ilibaki giza tupu, bila cheche hata moja. Akazijaribu zote, na zote zikawa vilevile.

Hakuitwa Taratibu bure. Alipima fyuzi, akafuata waya kwa kidole kama mtu anayetafuta uzi uliokatika kwenye shuka, akabadilisha sensa inayoiarifu kompyuta kwamba injini inazunguka. Akafunga koili mpya. Alipochomeka mashine ya kupimia, ilimjibu kwamba ufunguo unatambulika na gari halina ugonjwa wowote.

"Halina ugonjwa na haliwaki?" aliuliza mwenye gari.

"Ndivyo inavyosema."

Mwenye gari huyo alikuwa mwenye gari tangu juzijuzi tu. Lilikuwa la kaka yake. Udongo wa kaburi haujakauka, mdogo mtu aliondoka na ufunguo, akisema mali ya ukoo haiachiwi wageni. Mgeni aliyemkusudia ni shemeji yake, mjane, ambaye cherehani yake ndiyo iliyolinunua gari lile, sare moja ya shule baada ya nyingine. Sasa sare hizo alizipeleka kwa miguu, furushi kichwani, na shingo ilimuuma. Fundi alilijua hilo. Mtaa mzima ulilijua. Kufa kufaana, watu walisema, wakaendelea na chai yao.

Adhuhuri mjane alifika gereji. Hakuja kugombana. Alitaka mwamvuli wake uliobaki chini ya kiti.

"Chukua tu, shemeji," alisema mdogo mtu kwa adabu.

Mjane akaegemeza kiganja ubavuni mwa gari ili ainame. Plagi zilizolala juu ya injini zikaanza kutoa cheche za buluu, moja baada ya nyingine, bila haraka, na hakuna aliyegusa ufunguo. Spana zilizotundikwa ukutani ziliyumba kidogo. Redio ilijipunguza sauti, na gereji nzima ikanukia sabuni aliyokuwa akiogea marehemu.

"Kumbe unazo wewe, mama," alisema fundi.

"Zilinijia baada ya mazishi, nikikunja shuka. Siku hizi hata kiberiti sinunui."

Fundi akarudisha plagi mahali pake. Mjane akagusa boneti, ufunguo ukazungushwa, gari likawaka na kuunguruma kwa upole, kama mtu anayeota jambo zuri. Mjane alifumba macho. Lilipozimwa, likarudi kuwa bubu.

Fundi alikuwa na neno, neno dogo tu: mpe gari lake. Lilimfika ncha ya ulimi. Akakumbuka kwamba mteja ni mteja, akalimeza.

"Basi shemeji awe anapitia kwangu asubuhi," alisema mdogo mtu. "Si mbali."

Ikawa hivyo. Kila asubuhi mjane alitua furushi, akaweka mkono kwenye boneti, injini ikashika, akajitwika tena. Majirani walimuuliza mbona anakubali kuonewa mchana kweupe. Alisema marehemu alikuwa akikohoa kidogo kabla ya kuamka, na kikohozi hicho sasa kimo mle ndani. Asipokwenda hatakisikia tena. Mdogo mtu alimshukuru, akapandisha kioo kwa sababu ya vumbi, akaondoka. Shule alikopeleka sare mjane ilikuwa njia hiyohiyo.

Siku moja fundi alimsimamisha mjane barabarani. Gereji ilikuwa na gari jingine: koili mpya, sensa mpya, giza tupu.

"Mama, hebu nigusie na hili."

Mjane alilitazama.

"La nani?"

"La mteja."

"Na kabla yake lilikuwa la nani?"

Fundi akafuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja, hata kilichokuwa safi.

"Mkono wangu hautafaa," alisema mjane. "Mtafute mwenye cheche zake."

Akajitwika furushi, akaenda zake. Fundi alimtafuta huyo mwingine na hakupata taabu kumpata. Alikuwa bibi mmoja wa mtaa wa pili, mwenye mkongojo, na alikubali kuwa anapitia asubuhi.