Dirisha Bubu

"Dirisha," ilisema sauti masikioni mwangu, kisha ikanyamaza.

Nikabonyeza tena. Kimya.

Rekodi ya kesi niliyopewa kama mtihani wa kazi ilikuwa ya dakika kumi, na nilipewa dakika arobaini kuiandika yote. Mimi sioni. Kompyuta hunisomea kila neno lililo kwenye skrini, na sauti hiyo ikikatika, kibodi ni kipande cha plastiki tu. Kazi hii niliitaka kufa na kupona. Miaka sita nimekaa kwa dada nikimenya vitunguu na kuambiwa pole.

"Shemeji," nikamnong'oneza mume wa dada, fundi wa kompyuta wa ofisi hii ya mahakama, ndiye aliyeniombea nafasi. "Umeniwekea nini hapa?"

"Programu ile ile wanayotumia wafanyakazi wote. Tulipohamia mfumo mpya waligoma kuacha programu yao ya zamani, kwa hiyo huku tunaiendesha ndani ya programu nyingine inayouigiza mfumo wa zamani. Inakwenda vizuri, nimeijaribu jana."

"Umeijaribu kwa macho."

Programu ya kuigiza huyaleta maandishi kama picha, na sauti yangu haipati neno la kusoma. Wenye macho watajuaje? Kwao sura ni ile ile. Nilimkasirikia, tena sana.

"Nataka programu iliyotengenezwa kwa mfumo huu mpya. Si imo humu humu?"

"Hapana," akasema bosi nyuma yangu, mama mwenye sauti kavu. "Hapa tunatumia programu moja. Shemeji yako akusomee skrini."

"Na kesho anisomee? Na keshokutwa?"

Shemeji akanikanyaga mguu. "Usiniaibishe, jamani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Nimeinama miaka sita, shemeji. Mgongo unauma."

Sikungoja ruhusa. Nikaifunga ile bubu, nikaitafuta ya mfumo mpya kwa vidole. "Hati mpya," sauti ikasema, na nusura nilie. Dakika kumi na mbili zilikuwa zimeshakwenda. Nikaandika hakimu, nikaandika shahidi, nikaandika wakili anayekohoa kila akidanganya. Nikikosea naambiwa, narudi, nasahihisha. Jasho lilinitoka mpaka kwenye vidole.

"Muda umekwisha."

Zilibaki sentensi mbili. Nikasikia printa, kisha kifuniko cha kalamu kikifunguliwa. Kalamu haikukwaruza popote.

"Sioni kosa," akasema bosi. "Lakini hukumaliza."

"Dakika kumi na mbili mmezila ninyi."

Shemeji akaguna kama aliyepigwa. Bosi alinivua hedifoni, akavuta kiti, akafungua ile programu ya zamani. Nikamsikia akibonyeza. Akabonyeza tena, mara nyingi, na nilijua anasikia nini.

Akaziweka hedifoni mezani.

"Mwaka jana alikuja mama mmoja asiyeona," akasema. "Alikaa hapa hapa dakika arobaini, hakuandika hata neno. Nilimwambia akajifunze kwanza kompyuta."

"Wewe uje Jumatatu, saa mbili," akaniambia. Kisha akamgeukia shemeji. "Na namba ya simu ya yule mama, bado tunayo?"

Shemeji alikuwa ameanza kupekua mafaili.