Wimbo wa Kumi na Moja

Mume wangu Egidi, tuliyemwita Baba Hilda, alitunga riwaya mbili na nyimbo nisizojua idadi yake. Riwaya aliziandika alfajiri kabla ya kwenda kufundisha. Jioni alishika gitaa. Kwake ilikuwa kazi moja. Sentensi isiyoimbika aliifuta, hata katika barua kwa mkaguzi wa elimu.

Riwaya ya kwanza ilichapwa Dar es Salaam bila shida. Ya pili, mwaka 1992, ilikuta mambo yamebadilika. Karatasi ilikuwa imepanda bei, na mchapishaji aliandika kwamba kitabu kitatoka endapo nyimbo zote kumi na moja zilizomo zitaondolewa. Nilidhani atakataa. Siku ya tatu akajibu: ziondoeni, ila kila mahali zilipokuwa wekeni maneno "Hapa Luisa anaimba."

Kitabu kilipotoka, alizunguka Mbinga, Ruanda na Matiri na bendi yake ya watu wanne, akiimba nyimbo zile ili wasomaji waziandike wenyewe kwenye nakala zao. Sijasikia mwandishi mwingine aliyefanya hivyo. Walimu, wakulima wa kahawa, masista wawili, wote kalamu mkononi, naye anarudia ubeti polepole mpaka mtu wa mwisho ainue kichwa.

Kumi aliziimba kila mahali. Wa kumi na moja ulikuwa na sharti: wote waliopo wawe wamemaliza kitabu. Katika riwaya, Luisa anamngoja mumewe aliyekwenda migodini kusini. Ukurasa wa mwisho mume anarudi, amesimama mlangoni. Hapa Luisa anaimba. Kitabu kinaishia hapo. Kama alimpokea au alimfukuza, jibu lilikuwa ndani ya wimbo, na Baba Hilda hakutaka kumharibia mtu utamu.

"Nani hajamaliza kitabu?" aliuliza ukumbini Matiri.

Mikono sita ikanyooka. Wa saba ulikuwa wangu.

"Hata mkeo, Mwalimu!" akapiga kelele Ignatio, mpiga ngoma wake. "Basi kesho upike wewe, yeye asome!"

Ukumbi ukacheka, na yeye alicheka kuliko wote. Ulikuwa msimu wa kuchuma kahawa, nami nilikuwa nimefika katikati tu. Niliona muda bado upo.

Alifariki Machi 1995, kwa homa ya siku tano. Kitabu chake nilikimaliza wiki mbili baada ya mazishi. Nilipofika pale mlangoni pa Luisa, nilipekua karatasi zake, wimbo sikuukuta. Nikamwendea Ignatio. Hakujua hata ubeti mmoja. Alisema Baba Hilda aliuimba mara moja, huko Mbamba Bay, akiwa peke yake na gitaa. Kule ziwani nakala ilikuwa moja; mke wa mwenye duka aliwasomea watu kwa sauti, na wote wakamaliza siku moja.

Nikapanda lori la wachuuzi wa dagaa, nikateremka milima.

Dukani nilimkuta Tunu, mke wa Bakili, akipima sukari.

"Shikamoo, mama. Karibu."

"Marahaba. Mimi ni mke wa marehemu Mwalimu Egidi."

Akaacha sukari kwenye mizani. "Yule wa Luisa? Bakili! Njoo umwone! Pole sana, mama. Tulisikia, hatukuamini."

"Nimekuja kuuliza Luisa alimjibu nini."

Bakili alikuwa ameshatoka nyuma. "Hilo tulibishana mwezi mzima," akasema.

"Wewe ulitaka amchinjie kuku," Tunu akamwambia.

"Kwani si mumewe?"

"Nyamaza niimbe."

Akaimba, ameegemea kaunta:

*Paa lilivuja, nikaziba mwenyewe,*
*Mtoto aliugua, nikambeba mwenyewe.*
*Ingia, mgeni, ule,*
*Ukishiba tutaongea.*

Nikamwomba arudie. Kabla kitabu hakijaandikwa, mwaka bendi ilipokaa Songea miezi minne, paa letu lilivuja, nikapanda kuliziba. Hilda akapata surua, nikambeba mgongoni mpaka hospitali. Mume wangu aliporudi nilimwekea chakula, sikusema neno, naye hakuuliza. Miaka yote niliamini hakuona. Kumbe aliona, na jibu nililomnyima akalitunga yeye, akasimama upande wangu.

Tunu akanitajia mstari kwa mstari, nikaandika kwenye ukurasa wa mwisho.

"Hayo ni maneno tu," Bakili akasema. "Imba, mama, usije ukaupoteza njiani."

"Mimi siimbi."

"Wateja hawapo. Imba."

Nikaimba kwa sauti ya chini. Mstari wa tatu nikaukosea, Tunu akanirudisha. Nikaukosea tena. Mara ya nne Bakili akaanza kunipigia kaunta kwa vidole, akaniacha nifike mwisho.

"Hapo sasa," akasema.