Somo la Kupumzika

Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi, baada ya ibada, mchungaji alimpa Sista dakika ishirini, naye akachukua arobaini. Hakuna aliyenung'unika. Sista alikuwa muuguzi wa kliniki ya presha, na nusu ya waumini walikuwa na mafaili kwenye kabati lake, kwa hiyo hata waliotamani kwenda zao waliogopa kuonekana wakiinuka. Somo lilikuwa namna ya kuvuka sikukuu ukiwa mzima, mwili na roho.

Alianza na mwili. Chumvi, mafuta, soda, na wale wanaosafiri wakaacha dawa nyumbani kwa kuwa Mungu anajua. "Anajua kweli," alisema. "Anajua mmeziacha kwenye droo ya pili." Kanisa likavunjika mbavu. Kisha akaingia kwenye roho, na sauti ikamlainika, maana sehemu hiyo alikuwa ameiandika akijiandikia mwenyewe. Alisema hata Bwana Yesu aliuacha umati, wagonjwa wakiwa bado wanamsubiri, akaenda pembeni kupumzika. Alisema kila mtu ajiulize anamchosha nani nyumbani kwake, apunguze. Alisema kusema hapana kwa upendo si dhambi. Akina mama waliitikia amina mpaka madirisha yakatetemeka, na Wifi, dada wa marehemu mumewe, mwalimu mkuu wa shule ya msingi, akarekodi kila neno kwa simu akiwa benchi la pili.

Ilikuwa haki yake kuyasema. Mumewe alifariki miaka minne nyuma, akamwachia nyumba ya vyumba vitatu na mama yake mzazi, aliyepooza kuanzia kiunoni kushuka chini. Tangu hapo Sista aliamka kabla ya jogoo ili kumwogesha mama mkwe, kumbadilisha nepi, kumlisha, kumgeuza asije akapata vidonda, kisha akaenda kazini kuwauliza watu wengine kama wanapata usingizi wa kutosha. Mchana jirani mmoja alikuwa akija kumwangalia bibi. Mwezi wa kumi na moja, daktari wa kliniki alimfumania Sista akijipima presha nyuma ya pazia. Alichungulia kipimo akakaa kwenye kiti cha wagonjwa. Mia moja na tisini kwa mia moja na kumi.

"Sista, pumzika siku kumi kamili," alimwambia. "Usipopumzika kwa hiari, utapumzishwa." Hakuwa akitania.

Familia ikakaa ikakubaliana. Tarehe ishirini na tatu Mama angekwenda kwa Wifi, akae siku tano. Halafu angehamia kwa Shemeji, mdogo wa marehemu, mkandarasi mwenye nyumba ya vyoo vinne, hadi mwaka mpya upite. Sista hakuwa na mipango ya anasa. Alitaka kulala mpaka jua liingie dirishani, aende kanisani siku ya Krismasi bila kutazama saa, arudi alale tena. Alinunua mashuka mapya. Mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, akayaficha kabatini kama mtoto mwenye pipi.

Jumanne, Wifi akapiga simu.

"Wifi yangu, nikwambie kitu? Lile somo limenifungua macho."

"Tumshukuru Mungu."

"Nimelisikiliza mara tatu. Nimegundua mimi ndiye wa kubeba kila kitu. Shule mimi, kwaya mimi, wajukuu mimi. Nimeliombea hili, nimepata amani kabisa. Mwaka huu napumzika."

Sista akameza mate. "Na Mama?"

"Ndiyo hapo sasa. Nakwambia kwa upendo, kama ulivyotufundisha. Mwaka huu hapana, wifi."

Sista akamkumbusha makubaliano. Akamkumbusha maneno ya daktari. Wifi hakugombana, kwa sababu watu waliokwisha kupata amani hawana haja ya kugombana. Alisema atamwombea sana, akaaga vizuri. Baada ya dakika mbili ukaingia ujumbe wa sauti. Sista aliufungua mbiombio, akidhani Wifi amejirudi. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, imekatwa vizuri, mwanzo na mwisho, ikimwambia kwamba kusema hapana kwa upendo si dhambi.

Shemeji hata kupiga hakupiga. Aliandika kwamba mke wake ana moyo mwepesi, akiona nepi anaugua, na kwamba kila mtu ni lazima ajue mipaka yake, ubarikiwe sana mtumishi.

Sista alisimama jikoni akacheka peke yake, kicheko kibaya kisichokuwa na furaha ndani yake. Mchoyo unaweza kumbishia. Mtegeaji unaweza kumsuta. Lakini mwanafunzi wako mwenyewe, aliyerekodi kila neno ulilosema, unamwanzia wapi? Jirani naye alikuwa amesafiri kwao. Tarehe ishirini na tatu ikamkuta Sista palepale, na beseni lilelile mkononi.

Alikuwa na hasira, na hasira humshukia aliye karibu. Hakumtukana Mama, hakumnyima chochote. Aliacha tu kuzungumza naye. Alimgeuza kwa mikono ya kazini, ile inayofanya kila kitu sawasawa huku mawazo yapo kwingine. Sufuria alizitua kwa kishindo. Asubuhi hiyohiyo, akikusanya shuka lililolowa, alisema kwa sauti jambo alilodhani analisema moyoni: "Hata siku moja tu, Mungu wangu. Siku moja tu."

Mama mkwe alikuwa na miguu iliyokufa na masikio mazima.

Kuanzia hapo akawa anashiba upesi. Chai alionja, akasema inatosha, mwanangu. Uji vijiko viwili. Maji hakuwa na kiu. Asubuhi ya mkesha wa Krismasi nepi ilikuwa na unyevu kidogo. Asubuhi ya Krismasi yenyewe ilikuwa kavu kabisa.

Muuguzi wa miaka ishirini na saba anajua maana ya nepi kavu. Ndugu wa mgonjwa akija dirishani akasema mama yangu hajakojoa tangu jana, Sista huyuhuyu angeruka kutoka kitini na kuanza kufoka kabla hajafika mlangoni. Siku ile alisimama na nepi mkononi, nyepesi kama alivyoitoa kwenye mfuko wake, akamshukuru Mungu. Hakuna shuka la kufua. Hakuna godoro la kuanika. Aliiona midomo ya Mama ilivyokauka, akaipaka mafuta, akamwashia redio, akaenda kanisani.

Huko aliimba kwa moyo wote. Wifi, ndani ya gauni jipya, alimkumbatia mbele ya watu. "Mwoneni anavyong'aa," alisema. "Mungu anamtia nguvu huyu, jamani." Sista akatabasamu. Hakuwa na nguvu ya kufanya kingine. Aliporudi nyumbani alimpa Mama wali kidogo, Mama akala vijiko viwili akasema ameshiba. Sista hakumbembeleza. Akatandika mashuka yake mapya akalala mchana kutwa, usingizi mtamu ambao hakuwahi kuupata tangu amzike mumewe.

Tarehe ishirini na saba asubuhi, Mama alimwita kwa jina la dada yake aliyefariki zamani, akamuuliza kama ng'ombe wameshakunywa. Macho yalikuwa yameingia ndani, ulimi umekuwa kama kipande cha ngozi. Sista alimfinya mkono taratibu, na ngozi ikabaki imeinuka pale ilipofinywa. Ndipo akaanza kukimbia.

Hospitalini zamu ilikuwa ya daktari kijana ambaye Sista ndiye aliyemfundisha kutafuta mshipa wa dripu. Alimpima Mama kimyakimya, kisha akashika faili.

"Figo zimeumia kwa kukosa maji. Alikuwa anakunywa?"

"Anakunywa vizuri."

"Na mkojo?"

"Kawaida."

Alidanganya bila kupepesa macho. Kijana alimtazama kidogo, akaandika kama alivyoambiwa, maana aliyesema ni Sista.

Jioni, dripu ya tatu ikiwa nusu, akili ya Mama ikarudi. Aliiangalia dari, akaangalia mrija, akamwangalia mkwewe aliyekuwa amejikunyata kwenye kiti.

"Mama, ulikuwa unakataa maji kwa nini?"

"Ninachokunywa kinatoka, mwanangu. Na kikitoka unakifuta wewe." Akavuta pumzi. "Lile somo lako ulikuwa unalisoma chumbani kwangu kabla hujaenda kulifundisha. Zuri sana. Ulisema kila mtu ajiulize anamchosha nani, apunguze. Nikangoja wale wanangu wapunguze. Wakajipunguzia wao. Basi nikaona nipunguze mimi, si na mimi ni mtu wa nyumba ile?"

Sista akaangua kilio, akaziba mdomo kwa kanga ili wodi isisikie. "Nisamehe, Mama."

"Nikusamehe nini? Siku ya Krismasi ulilala mpaka nikakusikia unakoroma. Nilifurahi sana."

Hakulisema kwa kumchoma. Angelisema kwa kumchoma, Sista angepata pa kujitetea.

Kesho yake Wifi na Shemeji wakaja na matunda kwenye kikapu kilichofungwa utepe. Shemeji aliomba sala ndefu, akimshukuru Mungu kwa huduma bora. Wifi alipiga picha mkono wa Mama wenye dripu, akaituma kwa ndugu wote na maneno ya kuomba maombi, kisha akamgeukia Sista. "Ungetuambia hali ni mbaya, wifi. Sisi si watu baki." Sista akainamisha kichwa. Alikuwa na majibu kumi, yote makali, na hakuwa tena na uso wa kuyatolea.

Daktari kijana akaingia na faili. Alisema Mama anaweza kutoka kesho, ila figo zinahitaji uangalizi. Maji kila saa, kwa kikombe, na kila kikombe kiandikwe. Nepi zipimwe. Akibaki tena siku mbili bila kunywa hawatamvusha.

"Anakwenda nyumbani kwa nani?" aliuliza, kalamu tayari.

Wifi akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba. Shemeji akatoa simu ambayo haikuwa imelia, akaisoma kwa makini.

Mama hakuwatazama wale. Alimtazama Sista tu, bila kuomba chochote. Sista akafungua mdomo. Jibu lilikuwa neno moja, na kwa miaka minne angelitoa bila kulifikiria. Sasa halikutoka. Aliziona asubuhi zote zinazomngoja, beseni, sabuni, shuka, mgongo wake mwenyewe unaouma, na hakuna aliyejitokeza kushika hata upande mmoja wa kazi. Akakumbuka mchana ule wa usingizi. Na kwa muda wa pumzi moja, pengine mbili, alitamani, waziwazi, kama mtu anavyotamani maji, kwamba jambo hili lingekuwa limekwisha lenyewe.

Mama aliiona tamaa ile usoni mwake. Mtu aliyelala kitandani miaka minne hana kazi nyingine zaidi ya kusoma nyuso za wanaoingia.

"Kwangu," Sista akasema. "Anarudi kwangu, daktari."

Daktari akaandika. Wifi akashusha pumzi, akasema Mungu ni mwema. Sista akamimina maji kwenye kikombe cha plastiki, akamwinua Mama kichwa, na Mama akanywa yote bila kusita, mpaka tone la mwisho, akajifuta midomo kwa mkono wake mwenyewe.

"Asante, Sista," akasema kwa adabu, kama wanavyomwambia wagonjwa wengine wote.