Dumuzi Hawana Dhehebu

Jogoo hajawika bado, Raheli akawasikia. Kre, kre, kre, ndani ya gunia lililoegemezwa ukutani karibu na kitanda. Dumuzi, wale wadudu watoboa nafaka, walikuwa wanafungua kinywa kwa mahindi ya mbegu.

"Tobia, wanakula."

"Hawali," mumewe akajibu gizani. "Wanakata roho."

Walikuwa wanakata roho tangu Krismasi, na afya zao nzuri tu.

Miaka yote mbegu za ukoo wa Tobia zilikaa uchagani, juu ya moto wa jikoni kwa mama mkwe, zikipigwa moshi mpaka zikawa nyeusi. Mdudu hakuzigusa. Kisha nchi ikasema ruksa. Maduka ya dawa za mashamba yakafunguliwa mjini Soni, mitumba ikapanda mlima, wahubiri nao wakapanda na spika zao. Dumuzi, ambao hakuna aliyewatangazia, wakaona na wao wamo. Ndipo mmoja wa wahubiri hao, Nabii Fanueli, akafundisha kuwa moshi na majivu ni mambo ya mizimu; mbegu ya mteule hulindwa kwa mafuta ya upako. Tobia, Mlutheri wa kuzaliwa, akaihamishia mbegu ndani ya nyumba ya bati, akainyunyizia mafuta ya nabii na, kwa kuwa imani nayo huhitaji msaidizi, akaongeza unga wa dawa kutoka Soni.

Dumuzi wa kwanza walikufa, tusiisingizie dawa. Waliobaki walikuwa wagumu, wakazaa wagumu wenzao. Raheli aliwaona kama waumini wa benchi la nyuma: Jumapili wanapigwa neno la moto, Jumatatu wako kilabuni, na watoto wao wamezaliwa wamekwisha kulizoea. Lakini hakuna mgumu kama nabii mwenyewe. Dawa ikishindwa, watu wanarudi dukani na matusi. Maombi yakishindwa, wanarudi kwa nabii na kuku.

Kulipokucha akafungua gunia. Vumbi tupu, na punje zenye matundu, nyepesi kama makapi. Mawingu ya masika yalikwisha kaa mlimani. Bila mbegu, Mika na mdogo wake wangekula nini mwaka mzima?

"Nakwenda kwa Mama Shabani kuomba mbegu."

"Kwa Mwislamu? Mbegu za moshi? Bora nilale njaa."

"Wewe lala, baba Mika. Wanangu hawamo kwenye mfungo huo."

Akamshika Mika mkono, wakavuka kijito hadi kwa jirani yao Mwanamisi, mama yake Shabani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mgosi wako bado anawaombea wadudu?"

"Anawaombea wafe."

"Basi kuna mahali anakosea, maana nasikia wananenepa!" Mwanamisi akacheka mpaka kanga ikamdondoka begani. "Usinione mjanja. Mwaka juzi maharage yangu niliyasomea Yasini, majivu nikayasahau. Fukusi wakanisikiliza mpaka mwisho, wakaitikia amina, wakala."

Akanyoosha mkono uchagani, akashusha mahindi meusi, akamjazia kikapu.

"Nenda ukapande. Mungu kaumba na majivu, mwanangu."

Raheli alilia kidogo njiani, machozi ya mtu aliyetuliwa mzigo. Mvua ilipoanguka akapanda. Tobia akapanda naye bila kuuliza mbegu imetoka wapi, kama mtu anayekula kwa jirani huku amefumba macho. Yakaota mahindi mazuri, ya kijani kibichi.

Habari zikamfikia nabii. Jumapili, chini ya turubai, spika ikakoroma: "Ndugu Tobia! Mbegu zilizotafunwa na adui zimeota, hazikuota?"

Tobia akasimama, amemshika Mika mkono, jasho likimtoka. Akamtazama mkewe. Raheli akamwonea huruma. Alimpenda, maskini, na ugumu wake.

"Ni kweli," Tobia akasema polepole, "shamba limeota."

Vigelegele. Kina mama wakaanza kuimba. Nabii akaona uwanja mpana, akainama na kipaza sauti mpaka kwenye midomo ya Mika.

"Hata mtoto na ashuhudie! Sema, mwanangu, mbegu alitupa nani?"

Mika akakiangalia kile chuma, akakisogelea.

"Mbegu alitupa Bibi Mwanamisi."